Karatasi Namba Kumi na Saba

Karatasi namba kumi na saba ilisema mama yangu hana huzuni.

Haikutaja jina lake. Sheria za utafiti haziruhusu majina, wala haziruhusu mtu kumhoji ndugu yake, ndiyo maana nyumba za ukoo wetu kule Ijumbi alizichukua Elieth, mwenzangu wa mwaka wa tatu wa saikolojia aliyenisaidia kuhoji. Lakini mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye mibuni mia na arobaini na mtoto mmoja chuoni Bukoba, Ijumbi yuko mmoja tu. Maswali kumi na mawili kuhusu dalili za sonona, na kote amewekewa alama ya "hapana kabisa." Jumla sifuri.

Mimi najua mama analala wapi. Tangu tumzike baba, miaka miwili sasa, hajalala chumbani. Anatandika mkeka jikoni karibu na mafiga, na asubuhi anaukunja kabla jirani hajapita.

Nilimuuliza Elieth mahojiano yalikwendaje. Akasema alisoma maswali kama yalivyoandikwa: unajisikiaje siku hizi, unalala vizuri, unakula vizuri. Mama alikuwa akimwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Vizuri, mwanangu. Vizuri tu. Tunamshukuru Mungu.

"Alijibu upesi?"

"Upesi sana," alisema Elieth. "Kama anaitikia salamu."

Tukatazamana. Yeye ni wa Kaagya, mimi wa Ijumbi. Wote tumelelewa na watu ambao hata mgonjwa aliyebebwa kwa machela ukimuuliza habari atakujibu nzuri, ndipo akueleze kwamba anapelekwa hospitali. Tulizitoa karatasi zote arobaini, tukazipanga sakafuni. Thelathini na sita zilikuwa na sifuri. Hatukuwa tumefanya utafiti. Tulikuwa tumesalimia vijiji viwili, navyo vikatuitikia.

Msimamizi wangu, Mwalimu Gamaliel, aliona vingine. Dodoso lile alilitafsiri yeye mwenyewe kutoka Kiingereza miaka kumi na minne iliyopita, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake amelitumia. Alisema takwimu zimekaa safi. Niandike kwamba wajane wa wilaya ya Muleba wana afya njema ya akili kwa sababu ya ibada na ukoo, nitetee Jumatatu, nivae joho Desemba. Nilipobisha akaniuliza nataka digrii au nataka ubishi. Nikamwambia sikujua kwamba lazima nichague.

Nyumbani mambo yalikuwa yameshafika mbali. Mama alikwisha kuwatangazia wanajumuiya kwamba mahafali ni Desemba. Gauni lake lilikuwa limeshonwa. Shangazi Lilian alishaanza kunitania kwamba ninakuja kuwa daktari wa vichaa na mgonjwa wangu wa kwanza ni mimi mwenyewe, lakini hata yeye alikuwa amechagua ndizi za kukamulia rubisi, pombe ya siku hiyo. Niliingia chumba cha utetezi nikijua ninachoweza kupoteza, na si changu peke yangu.

Wiki ile upepo wa ziwani ulikuwa umeezua paa la nyumba ya Mwalimu Gamaliel. Chuo kizima kilijua. Vitabu vyake vilikuwa vimeanikwa kwenye korido, na sisi wanafunzi ndio tuliovibeba. Jopo lilikuwa la watu watatu, mwenyekiti wake Dkt. Renatha. Kabla sijafungua kitu, nilimgeukia msimamizi wangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Nzuri tu."

"Nyumba haijambo?"

"Haijambo, tunamshukuru Mungu."

Nikageukia ubao, nikaandika sifuri moja kubwa.

Hakuna aliyecheka. Niliwaambia kwamba hivyo ndivyo nilivyozipata sifuri zangu thelathini na sita. Mwalimu hakusema uongo, alijibu kama alivyolelewa, na wajane wale pia. Wa kulaumiwa ni sisi, tuliochukua adabu ya watu tukaiita kipimo. Nikasema sitatia saini ukurasa unaodai kwamba wale akina mama ni wazima.

"Unatudharau, Avit," alisema Mwalimu Gamaliel.

"Hapana, Mwalimu. Dodoso ndilo linalowadharau wao. Linapiga hodi, halingoji kukaribishwa."

Dkt. Renatha aliniambia nisubiri nje. Aliponiita tena alikuwa na njia mbili, akazieleza bila chuki. Nitetee takwimu nilizonazo, nifaulu leo. Au nirudi vijijini na maswali mapya, yakishapitiwa na kamati, nitetee mwakani. Aliyekataa matokeo yake mwenyewe hawezi kuhitimu kwa matokeo hayo.

"Mwakani," nilisema, kabla hajamaliza.

Mlangoni, Mwalimu Gamaliel alinipita na mafaili yake kifuani. Bila kunitazama, alisema mvua imewafikia hadi kitandani. Nilimpa pole. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililolipata katika utafiti mzima.

Jumamosi nikaenda Ijumbi. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi, nami nikamwambia habari za Desemba kabla sijakaa. Kisu hakikusimama. Alisema gauni halitaoza. Akaniuliza kama nimegombana na wakubwa, nikakubali, akasema baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo, hakuna kikao alichotoka bila kuacha mtu amenuna. Kisha akautazama mkoba wangu.

"Umekuja na zile karatasi?"

"Sikuja nazo."

Sikumuuliza anajisikiaje. Niliuchukua mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango, nikautandika mahali pake karibu na mafiga, mchana kweupe, nikaukalia.

"Joto linafika hadi hapa, mama?"

Aliweka kisu chini. Alitazama nje, njia inakopita kwenye migomba. Kisha akaja, akaketi kando yangu.

"Kule chumbani, tata," alisema, akiniita kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, "kitanda kimekuwa kipana mno."

Akaendelea. Ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye beseni. Jirani alipopita na kubisha, mama alimkaribisha ndani, na mkeka hakuukunja.