Mlima Uliohifadhi Sauti

Uvumi ulimganda Siwatu kama kupe: ati Mlima Zizimo siku hizi unawaita watoto kwa sauti za mama zao, na mama wenyewe hawajafungua kinywa.

Nchi yote ya Sautiani iliishi chini ya mlima huo mweupe, mrefu hata mawingu yaliuzunguka kwa adabu. Ukiunong'oneza mwamba wake, maneno humfikia umtakaye, popote alipo, yakiwa bado na joto la pumzi yako. Mwanzoni Mtukufu Zizimo, mwenye mlima, aliwaachia watu wautumie bure, wakalia kwa furaha. Vilima vidogo vya jirani, navyo vilivyokuwa vikipeleka sauti, vikakosa wasemaji. Zizimo akavibomoa, kwa kifusi akainua kiti chake. Ndipo kati ya jina la mtoto na neno "njoo" zikachomekwa kelele za wauza sabuni. Watu wakanung'unika, lakini waende wapi? Walishawafunza watoto kuitikia mlima tu. Kuitana kwa kinywa kulikuwa ushamba.

Jioni moja Mize, bintiye Siwatu, hakurudi. Mama akakimbilia mwambani.

"Mize, rudi nyumbani!"

Mlima kimya.

"Ulishe mlima siri yako kwanza, mama," mlinzi wa mwamba alisema, akitafuna muwa. "Sauti kavu haisafiri siku hizi."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Si umemwita mwenyewe aende soko la Mtukufu? Tena kwa sauti tamu! Nusura niende mimi."

Siwatu akashuka mbio. Sokoni watoto walijaa kama siafu, mikono imeelemewa na vitu. Akamshika Mize bega.

"Mwanangu, twende."

Mize akamtazama kwa upole. "Shikamoo. Mama yangu yuko mlimani."

Papo hapo mlima ukanguruma kwa sauti ya Zizimo, nzito, nzuri ya kusisimua mwili: "Fungueni maghala! Kiti changu kivunjwe!"

Zizimo akatokea kwenye roshani ya jumba lake juu ya soko, kifua wazi. "Si mimi! Wapumbavu, si mimi!"

"Na wewe nani, mzee?" walinzi wakacheka. "Mtukufu huongea mlimani." Wakashika nyundo, wakakiendea kiti.

Katika vurumai hiyo Siwatu alimbeba Mize mgongoni. Nani aliyesema kule juu, hakuna ajuaye. Mtoto alikuwa bado amegeuza shingo, akisikiliza. Njia nzima mama alimwambia, kwa sauti iliyokauka:

Usipande mlima ulio peke yake.

Usimpe siri asiyekupa yake.

Usipokee cha bure kwa mwenye lango.

Usiitike usipoona midomo.

Hata ukisikia ni mimi, usiende.