Njia Isiyo na Ngazi

"Ngazi tena," Joyness alisema peke yake.

Zilianzia pale pale getini, za mawe, pana, zimefagiliwa vizuri, zikapanda katikati ya mianzi mpaka zikapotelea juu. Hii ilikuwa Jumapili ya tatu anatafuta njia. Kila mlima wenye jina pembezoni mwa Guangzhou, huku China, umechongewa ngazi hadi kileleni, utadhani waliozichonga hawakuwahi kusukuma mtoto. Joyness alikigeuza kigari cha mtoto, akainama kuangalia kama mwanawe Cyrus bado amelala, akaona kofia ya kigari, akaridhika.

Mwanamke mwingine angeudhika. Ametoka nyumbani asubuhi, kapanda metro mpaka mwisho wa reli, kapanda na basi, halafu ngazi! Yeye hakuudhika. Tangu ajifungue, miezi saba iliyopita, mambo yalimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Aliambiwa mtoto ni mzuri, akasema asante. Aliambiwa amekonda, akasema asante vilevile. Alikuwa amekufa ganzi, na kwa kuwa ganzi haiumi, hakuna aliyeshtuka, hata mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wateja waliotoka nyumbani Tanzania katika maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu. Alivuta mishono, akafungua na kufunga zipu, akapindua mifuko nje ndani, na nguo mbovu aliirudisha kabla mwenye duka hajamaliza kuisifia. Watu walimwamini. Lakini wiki chache zilizopita alimpitishia Bartholomeo wa Mbeya marobota mazima ya suruali ambazo zipu zake ziliishia katikati. Bartholomeo alipopiga simu, sauti juu, Joyness alisema, "Pole, kaka," akarudi kukunja nguo za mtoto.

Mumewe, Jovin, mwenye kaofisi ka kusafirisha mizigo mle kwenye jengo la Tianxiu Dasha, hakugomba. Jioni ile akaleta habari ya mama yake.

"Mama Cyrus, nimewaza. Mtoto tumpeleke Kamachumu kwa bibi yake. Wewe upumzike kidogo, kichwa kitulie. Dada Martina anaruka mwisho wa mwezi, Jumatano, amekubali kumbeba."

"Sawa."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, Baba Cyrus. Sawa."

Halikuwa jambo geni kwao. Mfanyabiashara anayerudi na mzigo humpakata mtoto wa mwenzake ndani ya ndege, bibi humpokea uwanjani na khanga mpya, na baada ya hapo mtoto hukua akiwajua wazazi wake kwenye kioo cha simu. Wengine huonana tena akiwa ameshaanza shule. Joyness mwenyewe aliwahi kumbeba mtoto wa watu namna hiyo, kabla hajaolewa, na alipomkabidhi alifurahi kupumzisha mikono.

Kitu kimoja tu alikitaka, na hakujua kwa nini. Kabla hajaondoka, mtoto atembezwe mahali penye udongo na majani. Cyrus alikuwa amezaliwa ghorofani, akalelewa kwenye korido za maduka, chini ya taa. Basi Joyness alilichukulia suala hilo kama oda ya mteja. Njia isiwe na ngazi. Isiwe na vile vyuma vinavyochomekwa kuzuia pikipiki, maana Jumapili iliyopita, kwenye njia nzuri ya kando ya mto, kigari kilikwama hapo kikagoma kupita. Iwe na upana wa magurudumu. Jumatano ilikuwa imekaribia na Jumapili nyingine haikuwepo.

Pembeni ya geti mzee mmoja aliuza miwa iliyokwisha kumenywa. Joyness alimwendea na Kichina chake cha sokoni, akimwita bosi kama wenye maduka.

"Laoban, njia hakuna ngazi, ipo?"

"Meiyou," mzee alisema bila kuinua macho. Hakuna.

Mgeni angeshukuru akaondoka. Lakini huko Guangyuan Xilu meiyou ya kwanza ni salamu tu. Mwenye duka huisema huku bidhaa yenyewe iko nyuma ya pazia. Joyness alibaki amesimama, mikono kwenye kigari, kama anavyosimama mbele ya kila duka. Mzee alikata muwa mwingine, akamtazama, akatazama magurudumu, akatoa sauti puani. Kisha akanyoosha kisu nyuma ya choo cha umma, kwenye barabara nyembamba ya zege wanayopita wakulima na vigari vyao vya mbolea.

Ndiyo hiyo. Haikuwa na jina wala kibao. Ilizunguka nyuma ya mlima katikati ya miti ya matunda ya laichi, ikapita mashamba ya mboga, na magurudumu yakaenda yenyewe. Harufu ya udongo uliomwagiliwa ilikuja na kuondoka. Cyrus aliamka akaanza kujisemea. Joyness alisukuma kama anavyosukuma kwenye maduka, macho mbele, akiangalia kona.

Bibi mmoja mwenye jembe aliwasimamisha. Alichuchumaa mbele ya kigari, akaushika mguu wa Cyrus, akaanza kufoka.

"Leng! Leng!" Baridi, mtoto ana baridi!

Jua lilikuwa linachoma. Joyness alitaka kusema kwamba kwao mtoto wa miezi saba hukaa peku na mgongo wazi, lakini Kichina chake kiliishia kwenye bei. Bibi alivua vikono vyake vya kitambaa, vile wanavyovaa wakulima kuzuia shati lisichafuke, akamvisha Cyrus miguuni, kimoja kimoja, mpaka mapajani. Akamsemesha kwa sauti nyembamba. Cyrus akacheka, kicheko kirefu cha kukata pumzi, na bibi akacheka naye, akasimama, akaondoka na jembe lake, mikono wazi.

Joyness alikuwa amesimama nyuma ya kofia ya kigari. Alikisikia kicheko. Hakujua uso wa mwanawe huwaje anapocheka hivyo.

Mbele kidogo barabara ikaanza kushuka, na kushuka kwenyewe kukawa kwa ghafla. Kigari kikamvuta. Alikanyaga breki, breki ikalia na kuteleza; yeye anayekagua kila zipu ya mteja, kigari cha mwanawe alikinunua bila hata kukijaribu. Viatu vyake vikaanza kuserereka kwenye changarawe. Akawakumbuka wabeba mizigo wa Guangyuan Xilu. Wakishuka na robota juu ya mkokoteni, hawakai nyuma yake kamwe. Hulizunguka jitu hilo, wakaenda mbele, wakalizuia kwa kifua huku wakirudi kinyumenyume.

Akazunguka haraka, mkono mmoja haujaachia, akashika chuma cha mbele, akaegemeza mwili. Kigari kikatulia juu yake. Akaanza kurudi nyuma, unyayo mmoja baada ya mwingine, na Cyrus alikuwa hapo, pua kwa pua.

Kigari kilikuwa cha aina ile ya kutazama mbele. Nyumbani alimpa chupa ya maziwa akiangalia ukuta. Sasa hapakuwa na ukuta, na mteremko ulikuwa mrefu. Cyrus alimkazia macho, makubwa, bila haraka, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mwenzake. Joyness alitaka kutazama pembeni akashindwa, maana angeanguka.

Chini kulikuwa na bwawa la samaki. Alifunga gurudumu kwa jiwe, akakaa chini. Simu ikaita. Dada Martina.

"Mdogo wangu, mko wapi? Mimi hapa nafunga mabegi. Hebu niambie mambo ya mwanangu huyu. Anakula uji?"

"Anakula kidogo."

"Meno je? Nisije nikampa biskuti akapaliwa, ukanidai mtoto."

"Hana, dada. Bado kabisa."

Aliona udenda kidevuni mwa Cyrus, akapeleka kidole kuufuta. Cyrus akakidaka, akakitia mdomoni, akauma.

Joyness alipiga kelele. Maumivu yalimpanda mpaka begani, makali, ya karibu, ya kwake. Alikivuta kidole, akaushusha mdomo wa chini wa mwanawe, akachungulia. Jino lilikuwa pale, jeupe, limesimama, na ubavuni mwake la pili likichungulia. Halikuwa la leo wala la jana.

"Joyness! Kuna nini huko?"

"Analo."

"Analo nini?"

"Jino, dada."

"Si ndiyo umeniambia hana! Haya, hongera. Limeota lini?"

Joyness alifungua mdomo ajibu. Kilikuja kilio badala ya jibu, kilio kibaya cha sauti, na aibu ndani yake.

"Sijui," alisema. "Dada Martina, mimi sijui. Sijui limeota lini."

Upande wa pili zipu ya begi iliyokuwa ikivutwa ilisimama. Martina alikuwa mama wa watoto watatu, wote wako Bukoba kwa bibi yao.

"Basi mdogo wangu," alisema taratibu. "Nguo zake nije nizichukue leo, au nisije?"

Cyrus alikuwa amekidaka tena kile kidole. Aliuma, akamtazama mama yake aone atafanya nini, akauma tena kwa nguvu. Joyness alikiacha humo humo, machozi yakimshuka, simu sikioni.