Mbao Zilizotaka Kurudi Itombwe

Nathalie alikuwa amekwisha kunywa chai alipoulaza ubao mwekundu wa mti wa libuyu chini ya mashine ya kuchongea, akazungusha mkono wa chuma hadi rola mbili zikaubana. Ilikuwa karakana ndogo pembeni mwa Mbarara, mwaka 2014, na mashine yenyewe haikuzidi ukubwa wa cherehani. Rwakabuba, mwenye karakana, aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyeitumia kujifurahisha, kuchonga majina ya paka zake.

Kazi ilikuwa ni korongo mwenye taji, wa kutundikwa ukumbini mwa ofisi moja huko Kamukuzi. Korongo wa namna hiyo hachongwi kwa mkupuo. Kisu kinene hupita kwanza, kikaondoa nyama ya mti na kuacha umbo. Kisu chembamba hufuata na manyoya. Mwisho huja chenye ncha kama sindano, kutoboa jicho. Ubao ukisogea unene wa ukucha kati ya mpito na mpito, kila kitu huangukia pasipo pake.

Jicho likaangukia shingoni, kama lilivyoangukia kwa korongo aliyetangulia.

"Nyabo," Rwakabuba alisema, akiuinua ubao kwenye mwanga, "hii ni ndege gani inaonaga na shingo?"

"Ubao umesogea, patron."

"Basi usisogee. Batu ya Kamukuzi banangoja. Hii ingine ikiharibika, wewe rudi Nakivale ushike jembe. Mimi natafuta mutu ingine ya mashine."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, na Nathalie naye alikuwa amechoka. Maneno yakapita baina yao bila kumgusa mtu. Lakini jembe alilijua. Mama yake, Pélagie, alikuwa bado analivuta huko Nakivale, kambi ya wakimbizi, na mgongo wake ulikuwa umeshasahau kunyooka.

Akachukua ubao mwingine, akaunyoosha kingo kwa randa. Akagundisha fito ndefu ubavuni ili rola zipate pa kushika mwanzo hadi mwisho. Akachora alama ya msalaba kwa penseli pembeni, akaacha kisu kinene kipite. Kilipomaliza, msalaba ulikuwa umehamia kushoto.

"Geuza mashine," alisema Mbabazi, aliyekuwa akipiga msasa viti.

Wakaigeuza. Msalaba ukahamia kulia.

"Si mashine," Mbabazi akasema. "Ubao inaenda tu kule jua inalala. Ndiyo sababu kila asubuhi nakuta hizi mbao nyekundu zimejazana kwa ukuta ya kule. Narudisha, kesho ziko tena."

"Mbona haukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Mbao za msonobari, zilizopandwa vilima vya jirani, zilikuwa zimelala pale pale zilipowekwa. Zilizohama ni za libuyu peke yake. Muhuri wa bluu ubavuni mwake ulisema mti ulikatwa hapa hapa Uganda. Nathalie akachota unga wa mbao, akanusa. Ilikuwa harufu ya msitu wa Itombwe, huko Kongo, juu ya kijiji chao, siku ya mvua. Mbao hizi zilivuka mpaka kwa lori, mchana kweupe, na hakuna aliyeziuliza kitu. Yeye na mama yake walivuka kwa miguu, na tangu hapo hawajaacha kuulizwa.

"Patron, hizi mbao ni za kwetu," akamwambia Rwakabuba.

"Najua. Zinataka nini?"

"Kurudi."

"Kila mutu anataka kurudi. Chonga."

Nathalie akavuta kigoda, akaketi kando ya mashine, akaweka kiganja juu ya ubao. Ulikuwa na joto na ulitetemeka kidogo. Angeweza kuuambia ukweli, kwamba huko kumebaki kisiki. Akalifikiria jembe. Ndipo akakumbuka kituo cha Kabazana, walikopokelewa walipovuka mpaka, na jinsi watu walivyokaa sakafuni siku nzima bila kuthubutu hata kwenda chooni, kwa kuwa jina lako likiitwa na wewe hupo, umekwisha. Mwandika majina wa kule alikuwa na sauti laini, isiyoahidi na isiyokataa. Nathalie akaitafuta sauti hiyo kooni mwake, akaikuta.

"Jina yako nani?" akauuliza ubao. "Ulitoka fasi gani? Na nani alikuleta huku?" Akangoja kiasi cha adabu. "Muzuri. Kurudi iko, lakini si leo. Batu bako mingi. Ukae hapa hapa, usitikisike. Bataita jina yako. Kama haukuko, bataruka kwa mwingine."

Ubao ukalia mara moja, kama mbao zinavyolia jua likizipiga. Kisha ukatulia.

Kisu kinene kikapita, msalaba haukuhama. Kisu chembamba kikapita, kila unyoya ukalala pake. Jicho likaingia kichwani. Mbabazi akauinamia, akasema, "Heh! Umeiambia nini?"

"Ingoje."

"Basi." Akarudi kwenye viti vyake.

Watu wa Kamukuzi walimpenda sana korongo. Wakaagiza wengine wa kila ofisi, na Rwakabuba akaagiza lori zima la libuyu, lenye muhuri wa bluu. Neno la jembe halikusikika tena.

Asubuhi baada ya lori kushusha, mbao hazikuwa ukutani. Zilikuwa zimesimama foleni kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda, pana kwa nyembamba. Mbabazi akapita kati yake ubavuubavu, akisema "sorry, sorry." Nathalie akaketi, akaanza kuuliza majina.

Karibu na adhuhuri kikafika mbele kipande kifupi, gome lake bichi bado linatoa utomvu. Hakikujua kilitoka fasi gani. Nathalie akakikadiria umri kwa macho, kama wa Kabazana walivyowafanyia watoto waliokuja peke yao, akakiambia kikae na ubao wowote mkubwa, kisitikisike.

"Mwingine," akasema.