Kilomita za Kabla ya Ndege

Wamama wenye mabinti, mtu akikuambia mji wa Albertville ni saa moja kwa ndege, muulize kwanza: kutoka mlango gani?

Mwaka 1964, waasi walipokuwa wakishuka bonde la Ruzizi kutoka upande wa Kamanyola, kaskazini, binti yangu Inamahoro alikuwa anakaribia kujifungua. Mume wake Cyprien, karani hapa Uvira, alipata nafasi mbili kwenye ndege ya mwisho. Kwa barabara, Albertville ni kilomita zaidi ya mia tatu, mawe na vizuizi vya askari. Kwa ndege, saa moja. Alirudia ile saa moja kama sala.

Lakini Albertville iko kusini, na kiwanja cha ndege kiko Kavimvira, kaskazini. Ili kuwakimbia waasi, ilibidi kwanza kuwaendea.

Kwetu mama haongei na mkwe wake uso kwa uso. Basi nikageukia ukuta.

"Inamahoro, muulize bwana wako, bunduki za jana zililia upande gani?"

Cyprien naye akajibu akitazama mlango. "Mwambie mama, ndege haina barabara. Hakuna mutu ataisimamisha."

"Mwambie yeye si ndege. Yeye iko na miguu."

Inamahoro akacheka, akashika tumbo. "Ongeeni wenyewe! Minye nimechoka kuwa simu yenu."

Wakaenda. Nikawafuata nyuma, kitenge kimefunika uso.

Tulipofika kwenye majani marefu pembeni ya kiwanja, ndege ilikuwa tayari inanguruma, mlango wazi. Kati yetu na ndege kulikuwa na uwanja mtupu, bila hata kichaka. Hapo risasi zikaanza kulia, ng'ambo ya kiwanja.

Marie-Jeanne, jirani yetu muuza samaki, alikuwa amejificha karibu nasi. Akavua viatu.

"Munangoja padri awabariki? Kimbieni!"

Akakimbia. Katikati ya uwanja akaanguka. Tulimwita, hakuinuka.

Cyprien akamvuta Inamahoro mkono. "Ni hapa tu! Tukivuka, saa moja, tumefika!"

Nikatupa kitenge. Nikamshika shati kifuani, nikamtazama machoni, nikamwita jina lake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya.

"Cyprien! Weye unahesabu kutoka kwenye kiti cha ndege. Mtoto wangu bado iko kwenye majani! Ukitaka kupita naye, unikanyage kwanza."

Akamwachia Inamahoro, nadhani zaidi kwa haya kuliko kwa kukubali. Mlango wa ndege ukafungwa. Tukajilaza majanini hadi ikapaa juu ya ziwa.

Inamahoro alijifungua siku hiyohiyo, kwenye matete ya mto ulio karibu na kiwanja, akiuma kitambaa asipige kelele. Mtoto wa kike, mzima.

Ndege ilitua salama. Cyprien alinikumbusha habari hiyo mara nyingi. "Tungefika, mama." Sikatai. Waliopanda walifika. Ninaandika kwa ajili ya wale ambao wangali nyumbani, wanafunga mizigo.

Tuliporuhusiwa kupita tena Kavimvira, tulienda kumzika Marie-Jeanne pale alipoanguka. Cyprien alichimba peke yake, hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza akasimama na jembe, akatazama kutoka kaburini hadi pale ndege ilipokuwa imesimama siku ile. Mtoto mdogo angerusha jiwe, likafika.