Kibogoyo wa Ben Garra

Jirani Dougal alicheka mpaka kofia ikamdondoka siku Ishbel alipomrudisha Peigi kutoka mnadani bila kumuuza. Peigi alikuwa kondoo jike mzee, hana jino hata moja la mbele, na katika milima ya Uskoti kondoo kibogoyo huuzwa kabla ya baridi kuingia. Hilo hata mtoto analijua.

"Binti wee, unafuga ajuza!" alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe. "Utamtafunia nyasi?"

"Nitamkatia mizizi ya tanipu vipande vipande, mzee. Wewe cheka tu."

Ishbel alikuwa na sababu. Baba yake alikufa mwaka ule, akamwachia Ben Garra, mlima usio na ua wala waya. Kondoo wa pale hawafungwi. Jike humfundisha mwanawe mipaka na maficho, naye humfundisha wake, tangu enzi za mababu. Lakini maradhi yalikuwa yamefagia majike wakubwa. Walibaki vijana arobaini wasiowahi kuonja theluji ya kweli, pamoja na Peigi, wa pekee aliyeujua mlima. Hao wakipotea, elimu ya mlima imekwisha, na ufugaji wa Ishbel umekwisha nayo.

Januari dhoruba ikapiga siku mbili mfululizo. Ya tatu ilipotulia, Ishbel alipanda na mbwa wake. Korongo la kijito lilikuwa limefukiwa kabisa. Alichoma theluji kwa fimbo hapa na pale akiwatafuta kondoo wake, akawakosa. Akapanda tena, mpaka mbwa akasimama akitikisa mkia.

Nyuma ya jabali, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kupajua, mvuke wa pumzi ulikuwa unapaa. Akahesabu mara mbili: arobaini na mmoja. Mbele yao alisimama Peigi, barafu kwenye kope, akitafuna hewa kwa ufizi. Ishbel alilia bila haya, kifua kimejaa fahari kwa mnyama yule, kwa baba yake na kwa mlima wake.

Aliposhuka alimkuta Dougal mlangoni, kofia mkononi. Kondoo wake wanene, aliowanunua bondeni, walikuwa wamefuata upepo hadi korongoni, wakafukiwa na theluji.

"Nisaidie, binti."

Ishbel hakumcheka. Walichimba mpaka jioni, wakawatoa karibu wote wakiwa hai.

Kesho yake Ishbel aliamka akakuta Dougal zizini, kisu mkononi, ameinamia beseni mbele ya Peigi.

"Tanipu zake," alinung'unika, "msimu huu nakata mimi."