Mataruma ya Wiki ya Msiba

Jeki ililia, lakini taruma halikutikisika.

Tryphena alikuwa amechuchumaa ubavuni mwake, kopo la chokaa mkononi. Reli ya kwenda Taveta ilikuwa bado inalalia mataruma ya chuma. Haya ya simiti yalikuwa ya kujaribiwa tu kwa jeki, hapa yadini Voi. Asubuhi hiyo kazi yake ilikuwa kuyapaka chokaa, ili likipasuka moja, ufa uonekane mweusi juu ya weupe. Siku nyingine zote aliyamwagia maji mataruma mapya chini ya magunia, mpaka yakomae. Kwa jua la Voi, simiti isiyolowa hukauka kabla haijashikana.

"Ongeza," mistri Gurdit, msimamizi wa yadi, alisema.

Ndeti akausukuma mkono wa jeki. "Hili limeshiba. Lina mgongo kushinda mkwe wangu, na yule hubeba ng'ombe wazima wa mahari, ila kwa mdomo."

Watu wakacheka. Danson, mumewe Tryphena, aliyeichanganya simiti yote ile, hakucheka. Alikuwa akitazama rundo la pili.

Rundo la pili lilitengenezwa wiki aliyofariki mtoto wao. Tryphena alikaa ndani siku zote zile, wanawake wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wamemzunguka, kama ilivyo kwa mama aliyefiwa. Behewa la maji lilikuwa limechelewa. Peris, jirani yao, akachota kwenye mapipa ya yadi: maji ya kumwosha mtoto, ya ugali, ya chai ya jamaa walioteremka kutoka Mwanda milimani. Hakuna mwanamke aliyefikiria mataruma. Na kila jioni mistri alipouliza kama yamepata maji, Danson alijibu yamepata.

Likaletwa la kwanza la rundo lile. Tryphena alilipaka polepole kuliko mengine. Jeki haikufika mbali. Ufa ulianzia chini, mwembamba kama unywele, ukapanda, kisha taruma likakatika kama muhogo mkavu. La pili likafuata. La tatu nalo.

Gurdit akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba. Kikamwagika kama unga.

"Danson, simiti yangu umemuuzia nani?"

"Sijauza, mistri."

"Hapa ni mchanga mtupu. Kesho mzungu wa reli anakuja kukagua. Nikimwambia ni wizi, hiyo ni jela, si kufukuzwa tu. Sema kilichotokea."

Danson alitazama chini. Peris, aliyekuwa akikunja magunia, alimnong'oneza Tryphena, "Nyamaza, mao. Mumeo atapata la kusema."

Lakini Tryphena alimjua mumewe. Hangesema. Angepanda gari la polisi akiwa kimya hivyo hivyo.

"Hayakupata maji, mistri," alisema, bila kumtazama Peris. "Nilikuwa na msiba. Maji yote yalienda nyumbani kwangu."

Gurdit akakiweka kipande chini taratibu. Yeye pia alikuja mazishini, akasimama nyuma ya watu na kilemba chake, akapewa chai, akanywa.

"Nilikuuliza kila jioni," alimwambia Danson. "Kila jioni."

"Ndiyo, mistri."

"Wizi sitasema. Lakini treni inapita juu ya hivi vitu, na watu wamo ndani. Mtu wa kunidanganya siwezi kukaa naye." Akageuka. "Vunjeni rundo lote. Jumamosi mrudishe ufunguo wa nyumba."

Peris alijifunika uso kwa leso. Kutoka mlango wa nyumba ile, kaburi dogo lilionekana, ng'ambo ya ua.

Walivunja mpaka alasiri. Danson alipiga nyundo, Tryphena akichomoa nyaya kutoka kwenye vifusi na kuzinyoosha kwa mguu.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningetoka na ndoo nikayamwagia."

"Najua ungetoka. Ndiyo maana sikukuambia."

Nyundo ilipanda, ikashuka. Kisha, akiwa amempa mgongo, Danson alilitaja jina la mtoto. "Margaret," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani. Tangu mazishi hakuwa amelitamka.

Tryphena alisimama, waya mkononi. Alingoja kusikia kama atalitaja tena.