Chokaa ya Mlango wa Ndani

Usiku wa jana niliota ugomvi, na ulikuwa umeshapamba moto bila mimi.

"Toka hapo! We nani?"

"Mlango mpya."

"Mlango gani umekunjwa kama mwavuli?"

Niko ndani ya moyo wa bibi yangu, Bibi Nyamizi. Sikushangaa. Moyo wake una viti vya plastiki na kalenda ya mwaka juzi. Ule mlango wa kutolea damu, madaktari wanauita vali, umekakamaa, ndo maana Bibi akitembea hatua kumi anatafuta pa kukaa. Yuko wodini. Jumatano wanamwekea mpya bila kumpasua kifua: unakunjwa kwenye mrija, unaingilia pajani, unapanda na mshipa mpaka moyoni.

Sasa umefika kabla ya siku yake. Umesimama, unahema.

"Nimetembea kutoka pajani," unasema. "Nani ananikaribisha?"

Ule mlango mzee unaobadilishwa umelala zake. Anayefoka ni jirani yake, mlango wa ndani, vali ya pili. Kiunoni mweupe, kama umejifunga khanga ya chokaa. Ukigeuka, unalia kwiii.

"Mwenzangu anapata mpya," unaniambia. "Mimi je?"

"Wewe hawakugusi, mzee wangu. Daktari kasema chokaa yako imeshika sana. Bibi atapata nafuu, ila kuhema kunaweza kubaki, kwa sababu yako."

"Kamwambia nani?"

"Mimi na Shangazi Kalunde."

"Na mwenye nyumba?"

Mwenye nyumba ni Bibi. Shangazi alisema Bibi asiambiwe, atakataa kutibiwa.

Mara tuko chumba cha mtihani, shuleni kwetu. Nilishamaliza mwaka jana, lakini hakuna aliyeniuliza. Msimamizi ni mrija. Swali ni moja tu: Mwenye nyumba anajua?

Naandika "Hapana." Linafutika. Naandika tena. Kalamu inatoa chokaa.

"Zimebaki dakika kumi," mrija unasema.

Naandika mpaka mkono unakufa ganzi. Zimebaki dakika kumi. Nalala juu ya dawati, naamka, zimebaki kumi.

Nikiinua kichwa, dawati ni kiti cha plastiki, tumerudi moyoni. Mlango mpya umekaa pembeni yangu, umevua viatu.

"Nimechoka," unasema, "ila nina adabu. Siingii kwa mtu kabla hajaniitikia. Hodi!"

Kutoka juu huko, sauti ya Bibi: "Nani?"

Mlango mpya unanitazama mimi.

"Nani huyo? Mbona hamsemi?"

"Mjibu bibi yako," mlango wa ndani ukaniambia. Nikausukuma kwa mikono miwili nipite nikamjibu. Haukufunguka wote. Nikapenya kwa ubavu.

Nikaamka.

"Mayunga!" Shangazi anaita. "Saa mbili hii! Uji wa Bibi atapeleka nani?"

Nikaangalia viganja. Vyeupe. Kwenye kucha, chokaa. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma, haijawahi kupakwa kitu tangu ijengwe.

"Napeleka mimi," nikasema, nikachukua chupa ya uji. "Na leo namwambia Bibi habari ya mlango wa pili."

"Thubutu! Akikataa, akafa, utajibu nini?"

"Na akikubali, halafu akajikuta bado anahema, atamuuliza nani?"

"Umemaliza shule juzi, leo daktari?"

"Sijasema mimi daktari, Shangazi. Nasema moyo ni wake."

"Mayunga, weka hiyo chupa chini!"

Sikuiweka. Nikashika kitasa. Nilipoachia, vikabaki juu yake vidole vitano vyeupe vya chokaa. Shangazi akaviangalia, akaangalia ukuta, akaviangalia tena.

Nikatoka, nikaufunga mlango. Wa kwetu unafunguka wote na unafunga vizuri.